Sira ya Farasi Eclipse

Atungaye sira ya mwanadamu hupata barua, wasia na maneno ya jamaa. Lakini atungaye sira ya farasi wa mbio hana budi kuzipokea habari zake kwa watu waliomtazama huku fedha zao ziko juu yake, na kwa hiyo kila riwaya yafaa iulizwe kwanza msimulizi wake alikuwa na faida gani ndani yake.

Eclipse, farasi mwekundu mwenye baka jeupe usoni na mguu mmoja wa nyuma mweupe, alizaliwa Uingereza tarehe 1 Aprili 1764, siku jua lilipopatwa, katika mazizi ya Duke wa Cumberland. Mwaka wa pili Duke akafariki, mali yake ikanadiwa, na mwanafarasi akaangukia kwa William Wildman, mfanyabiashara wa nyama wa Smithfield, kwa gini 75 kama wengi walivyopokea. Baba yake ametajwa kuwa Marske, ambaye nasaba yake yapanda hadi kwa dume la Kiarabu ambalo Thomas Darley alilinunua Aleppo, katika nchi ya Sham, akalipeleka kwao mwaka 1704. Lakini walikuwapo waliodai kuwa baba wa haki ni dume jingine, Shakespeare. Wildman aliushikilia upande wa Marske, naye alikwisha kumnunua Marske huyo kwa thamani hafifu kabla ya kumuuza kwa faida kubwa mno. Mimi naiona hoja ya Marske kuwa na nguvu zaidi, walakini shahidi wa namna hii hakubaliwi bila kuulizwa.

Mbio zake zina daftari, na hapo mtafiti hupumua. Alianza Epsom mwezi Mei 1769, akiwa na umri wa miaka mitano, akaacha mwaka uliofuata baada ya kushinda mara 18 pasipo kushindwa hata mara moja, baadhi yake akipita uwanjani peke yake kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kumtolea mshindani. Siku hiyo ya Epsom, Dennis O'Kelly, Mwairishi aliyepata kufungwa kwa madeni, aliweka dau kwamba Eclipse atakuwa wa kwanza na wengine hawatakuwa popote. Si majivuno matupu: kanuni ya zama zile ilimfuta kabisa farasi aliyekuwa hajaifikia nguzo iliyo yadi 240 kabla ya mwisho wakati mshindi amalizapo. O'Kelly akashinda, kisha akamnunua farasi mwenyewe.

Eclipse alipokufa kwa msokoto wa tumbo, Februari 1789, tabibu wa wanyama Mfaransa, Charles Vial de Sainbel, akampasua, akauona moyo wake una uzito wa ratili 14, akakipima kiwiliwili chote kwa kutumia urefu wa kichwa kuwa kipimo. Naye hakukosa faida yake, kwani mwaka 1791 alikuwa mwalimu mkuu wa kwanza wa chuo cha utabibu wa wanyama cha London. Hata hivyo vipimo vyake vina hadhi kuliko masalio yaliyotapakaa baadaye. Ukwato mmoja ulivikwa dhahabu, na Mfalme William wa Nne akautoa mwaka 1832 ushindaniwe na wenye farasi. Na anayezihesabu kwato zote zilizotunzwa kwa jina la Eclipse huzikuta zimepita nne.