Wazee wa Baraza: Ada ya Uteuzi Mahakamani na Asili Yake Mlimani

Watu wa Uru, kama Wachaga wenzao wa Old Moshi, Kibosho na Machame, walipohitilafiana zamani juu ya mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, au zamu ya maji ya mfongo, yaani mfereji, shauri lao lilisikilizwa kwanza uwanjani, mbele ya wazee wa ukoo na majirani, na likishindikana hapo ndipo lilipopandishwa kwa mchili, mkuu wa mtaa, na hatimaye kwa Mangi, mtawala wao. Mbele ya wazee hao aliyekosa alishika jani la isale kuomba radhi, na suluhu ikipatikana, mbege, pombe ya ndizi, ilinywewa pamoja. Wazee wale hawakuteuliwa na yeyote. Waliketi kwa haki ya umri na nasaba, na sifa yao iliyo kuu ilikuwa kuwajua mdai na mdaiwa, na baba zao kabla yao.

Waingereza walipoitwaa Tanganyika na kuunda Mahakama Kuu mwaka 1920, lile jopo la raia 12 ambalo kwao ndilo linaloamua hatia hawakulileta. Jirani zetu wa Kenya walikuwa nalo, lakini kwa Wazungu peke yao. Kwetu walifuata mfano wa India, ambayo sheria zake za jinai zilitumika hapa hata mwaka 1930: jaji, aliyekuwa mgeni wa mila za nchi, akaketi pamoja na washauri wawili au zaidi, ambao watu wamewazoea kwa jina la wazee wa baraza, akayasikiliza maoni yao pasipo kulazimika kuyafuata.

Kuwateua wazee hao kukawa ada yenye taadhima yake. Katika kesi ya mauaji, baada ya mshtakiwa kukana shtaka, wazee husimamishwa mmoja mmoja na kutajwa majina, naye huulizwa kama ana pingamizi juu ya yeyote miongoni mwao. Akiridhia, jaji huwaeleza wajibu wao, na tangu hapo huketi hadi atakapowasomea majumuisho ya ushahidi na kumtaka kila mmoja aseme rai yake kwa kinywa chake.

La ajabu ni kwamba rai hiyo jaji aweza kuiacha, ilhali ada yenyewe haiachiki. Mahakama ya Rufani, katika rufaa namba 176 ya mwaka 1993, ilikiri kwamba kumuuliza mshtakiwa habari ya pingamizi ni desturi tu, si sharti la sheria, lakini ni desturi iliyokwisha kupata hadhi ya sheria. Na mara nyingi tangu hapo mahakama hiyo imebatilisha mwenendo mzima wa kesi, ama kwa sababu majumuisho yalikuwa pungufu, ama kwa kuwa wazee waliwahoji mashahidi kana kwamba wao ni mawakili wa upande mmoja.

Mzee wa Uru aliyeitwa katika kikao cha Mahakama Kuu mjini Moshi alikuta, basi, kipimo cha uwanjani kimepinduliwa: ujuzi wa watu, uliompa kiti ukooni, ndio uliomtilia shaka mahakamani, kwani swali la pingamizi linamtafuta asiye na udugu wala uadui na mshtakiwa. Hata hivyo aliitwa kwa sababu ya ujuzi wa mila, na ujuzi huo haupatikani kwa mtu asiyeishi na watu.

Sheria Namba 1 ya mwaka 2022 imemwachia jaji wa Mahakama Kuu suala la kuketi na wazee au bila wao. Waliolalamikia kesi kurudiwa kwa dosari za utaratibu wamepata nafuu, na haki isiyocheleweshwa si jambo dogo. Lakini swali lile la pingamizi lilikuwa mojawapo ya nafasi chache ambapo mshtakiwa, maskini asiyejua kifungu hata kimoja, aliulizwa na dola kama anawaridhia watakaomsikiliza. Jaji atakayechagua kuketi peke yake hana budi kukumbuka kwamba anafuta pamoja na wazee haki hiyo ya kuulizwa.