Moto wa Chuma katika Vilima vya Masereka

Kabla ya Wabelgiji kuingia nyanda za juu za Lubero, mashariki mwa Kongo, mhunzi wa Kinande alikuwa mtu wa heshima kubwa, kwani jembe alilolifua kwa mkaa na mivukuto ndilo lililolima miteremko hii baridi. Zama za umeme hazikufika kwa haraka, maana mji wa Butembo, licha ya utajiri wa wafanyabiashara wake, uliishi miongo mingi bila umeme wa taifa, na fundi akaitegemea jenereta.

Ama mashine ya kuchomelea ilishayo waya yenyewe, iliyobuniwa Marekani mwaka 1948, ina masharti yake, nami nayahimiza kwa dhati kwa kila aiwekaye nyumbani. Zinki ya bati huungua ikawa moshi mweupe uletao homa usiku. Basi ikwanguliwe kwanza, na milango iachwe wazi. Lakini upepo wa vilimani huipeperusha gesi inayoukinga mshono, na mshono hujaa vitundu. Ndiyo sababu afanyaye kazi uani hufaidika zaidi na waya wenye dawa ndani yake. Kibanio cha waya wa kurudishia umeme hushikizwa kwenye chuma kitupu kilichosuguliwa, karibu na mshono, na barakoa ya kioo cheusi haivuliwi hata kwa nukta moja ya moto.