Mwanga haudandii lori

Semina na mazoezi vimetubana kwelikweli wiki hii, ila nimeona nisipite kimya.

Wengi mmeshanisikia nikijisifia kwamba kwetu Ivuna, bonde la Ziwa Rukwa, kumeingia kwenye vitabu vya sayansi kwa ajili ya jiwe lililoanguka toka angani Desemba 16, 1938. Leo naliacha jiwe. Nataka tuongee kitu kingine kinachotufikia toka huko juu, yaani mwanga. Watu wamebishana sana kuhusu kasi yake, na katika ubishi huo Afrika Mashariki ina sehemu ambayo wengi wetu hatukufundishwa.

Swali lenyewe ni rahisi. Lori la chumvi linatoka Ivuna kwa km 40 kwa saa. Utingo aliyekaa juu anarusha kipande cha muwa kwenda mbele kwa km 20 kwa saa. Wewe uliyesimama barabarani utakiona kinakwenda km 60. Haya, dereva akiwasha taa, je, mwanga nao unaongezewa kasi ya lori?

Kulikuwa na kambi tatu. Kambi ya kwanza ilisema anga imejaa kitu kiitwacho etha, na mwanga hupita humo kama wimbi majini. Tatizo, Michelson na Morley waliitafuta athari ya etha mwaka 1887 wakaikosa. Mwaka 1905 Einstein akaachana na etha, ila akashikilia kwamba kasi ya mwanga haitegemei mwendo wa chanzo chake. Mwaka 1908 Mswisi Walter Ritz akaja na lake: mwanga ni kama kile kipande cha muwa, hubeba kasi ya chanzo. Ritz alifariki 1909 akiwa na miaka 31 tu. Msimcheke jamani, maana nadharia yake nayo ilieleza vizuri matokeo ya 1887!

Mwaka 1913 Mholanzi Willem de Sitter akasema tuangalie nyota pacha zinazozungukana. Nyota ikija upande wetu, mwanga wake ungekuwa na haraka; ikirudi nyuma, ungechelewa. Ule wa haraka ungeupita ule wa polepole njiani na tungeona vurugu tupu. Mbona tunaona mzunguko uliotulia? Basi, Ritz akahesabiwa kashindwa.

Miaka ya 1960 Mmarekani J. G. Fox akaonyesha tundu kwenye hoja hiyo. Kati ya nyota na sisi kuna gesi. Gesi inaupokea mwanga na kuutoa upya, kwa hiyo unaotufikia unaweza kuwa umeshasahau kasi ya nyota yake. Ni kweli kwamba mwaka 1964 watafiti wa CERN, Geneva, walipima mwanga uliotoka kwenye chembe zinazokimbia karibu na kasi ya mwanga wenyewe, wakakuta haukuongezewa kitu. Lakini ushahidi wa nyota ulibaki na doa.

Hapo ndipo Malindi inapoingia. Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Kimarekani ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco lililoko baharini. Ilibeba satelaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru. Eksirei hupenya gesi ile bila kusumbuliwa sana. Uhuru ikagundua mapigo ya nyota kama Centaurus X-3, inayopiga kila sekunde 4.8 huku ikizunguka mwenzake kwa zaidi ya km 400 kwa sekunde. Kama Ritz angekuwa sahihi, katika kila miaka 1,000 ya safari miale ya haraka ingetangulia kwa zaidi ya mwaka mzima! Mapigo yangechanganyikana yote. Lakini yanafika kwa mpangilio. Mwaka 1977 Kenneth Brecher alizipigia hesabu nyota za aina hiyo, akapata kwamba kama mwanga unabeba chochote cha kasi ya chanzo, basi ni chini ya sehemu 2 kwa bilioni.

Kinachonifurahisha zaidi ni sababu mojawapo ya kuchagua Malindi. Ni karibu na ikweta, ambako dunia inazunguka kuelekea mashariki kwa mita 460 hivi kwa sekunde, na roketi ikielekea huko inapata msukumo wa bure. Yaani roketi ilidandia lori la dunia ili ikatuonyeshe kwamba mwanga haudandii.

Sisi tunaokwenda kushika chaki, tusiwape wanafunzi jina la Einstein peke yake wakariri. Tuwape na Ritz, na tundu la de Sitter, waone kwamba jibu sahihi nalo liliendelea kudaiwa ushahidi kwa miaka zaidi ya 60. Na atakayeuliza sisi tulikuwa wapi, mwonyesheni Malindi kwenye ramani. Jukwaa lilikuwa la wageni, roketi ya wageni, wataalamu wageni. Chetu kilikuwa jina na mahali. Kwa nini kipimo kijacho kisiwe na watu wetu?

Haya, narudi kwenye mazoezi. Siku njema wote!