Simu ya Upepo Katika Vilima vya Nyamira

Zamani, katika lugha ya Kiswahili, mtambo wa kupeleka habari pasipo waya uliitwa simu ya upepo. Jina hilo ni zuri, lakini lina kasoro moja: humfanya mtu adhani kwamba habari husafiri bure, kama upepo uvumavyo bila kudai malipo. Sivyo ilivyo. Kila neno lirukalo angani limelipiwa nguvu, iwe ni nguvu ya makaa, au mafuta, au betri, au mwanga wa jua. Mwenye nguvu husema akasikika. Asiyekuwa nayo hunyamaza. Insha hii yasimulia historia ya malipo hayo, na jinsi yalivyopunguzwa kidogo kidogo hata mkulima wa Nyaramba, katika kaunti ya Nyamira, akaweza kusema na mwanawe aliye Mombasa kwa chombo kinachoenea kiganjani.

Kwanza yafaa tuitazame nchi yenyewe. Nyaramba ni mahali pa nyanda za juu za Wagusii, nchi ya vilima na mabonde, chai na ndizi, mvua na ukungu. Kabla ya mitambo, mtu mwenye habari ya haraka alikuwa na njia chache. Aliweza kusimama kilimani akamwita aliye kilima cha pili. Aliweza kupiga pembe. Au aliweza kumtuma kijana mwenye miguu myepesi. Katika njia hizo kilima kilikuwa rafiki wa yule aliyesimama juu yake, na adui wa wale waliotenganishwa nacho. Msomaji na aikumbuke kanuni hiyo, maana mawimbi ya redio hayakuitangua. Umbali ukizidishwa mara mbili katika uwanda mtupu, nguvu itakiwayo ni mara nne; na kilima kikisimama katikati, hesabu huwa mbaya zaidi.

Mwezi wa Desemba 1901 yalitokea mambo mawili mbali mbali, ambayo kwetu sisi ni mwanzo wa habari hii. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka wa 1896 ilifika ukingoni mwa Ziwa Nyanza, mahali paitwapo Kisumu leo, na pamoja nayo ulikuja waya wa simu uliotundikwa juu ya nguzo. Mwezi ule ule, tarehe 12, Guglielmo Marconi alikuwa St John's, katika Newfoundland, akisikiliza kwa waya ulioinuliwa angani kwa tiara. Alisema kwamba alisikia vituo vitatu vya herufi S vilivyorushwa kutoka Poldhu, Uingereza, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki.

Waya wa reli ulikuwa na taabu zake. Ulihitaji nguzo, mafundi na walinzi. Na katika nchi ya Wanandi, waliopigana na Waingereza mpaka mwaka wa 1905, ulikatwa mara nyingi. Tena waya ulifuata njia ya serikali na biashara. Haukupinda kwenda kwa mkulima. Lakini njia ya Marconi nayo haikuwa ya mkulima. Mtambo wa Poldhu uliendeshwa kwa injini, na nguvu yake ilikuwa kilowati 25 hivi. Simu ya mkononi ya aina iliyoenea kwanza Kenya haipiti wati 2 inapotumia nguvu zake zote. Basi nguvu ya Poldhu ingetosha simu 12,500 za namna hiyo. Hicho ndicho kipimo cha safari iliyokuwa mbele.

Redio ya matangazo ilianza Nairobi mwaka wa 1928, na wasikilizaji wake walikuwa walowezi wa Kizungu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndipo matangazo ya lugha za Kiafrika yalipopata nafasi, kwa kuwa jamaa za askari walitaka habari za vijana wao waliokwenda vitani. Lakini redio za siku zile zilitumia vali, yaani taa za kioo ambazo hazifanyi kazi mpaka zipashwe moto. Moto huo ulikula betri kama jiko lilavyo kuni, na nyumba ya mkulima haikuwa na umeme. Mwaka wa 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya bei nafuu ndani ya umbo la sufuria. Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake iliuzwa mbali kwa shilingi 25. Ilipendwa sana. Hata hivyo pauni 5 zilikuwa fedha nyingi kwa mtu wa kijiji, na betri ikiisha, sufuria ile ilinyamaza.

Ukombozi ulitoka katika kitu kidogo sana. Desemba 1947, katika maabara za Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain, wakifanya kazi katika kundi lililoongozwa na William Shockley, waliunda transista. Hiyo hufanya kazi ya vali pasipo kupashwa moto. Redio za transista zilianza kuuzwa mwaka wa 1954, na katika miaka ya 1960 zilienea Afrika ya Mashariki. Sasa betri chache ndogo zilitosha kwa wiki nyingi. Mtu aliweza kulima shamba lake huku redio ikining'inia mtini. Ndipo mkulima alipoanza kusikia. Kusema alikuwa hajaweza bado.

Simu ya mkononi ilikuja Kenya katika miaka ya 1990, ikawa kitu cha matajiri. Mwaka wa 2000, kampuni za Safaricom na KenCell ziliposhindana kuuza laini kwa watu wote, ndipo minara ilipoanza kusimama juu ya vilima vya nchi kavu. Hapo ile kanuni ya kale ya kilima ilirudi kwa sura mpya. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona. Mnara huiambia ipunguze nguvu, nayo huweza kushuka kutoka wati 2 mpaka sehemu 3 hivi katika elfu moja za wati moja. Simu iliyo bondeni, nyuma ya kilima, hulazimika kupiga kelele, na betri yake huisha upesi. Ndiyo sababu watu wawili wenye simu za namna moja, mmoja akikaa mlimani na mwingine mtoni, hawapati siku sawa kutoka betri zao. Anayelipa zaidi ni yule aliye mbali na mnara, naye aghalabu ndiye mwenye fedha kidogo na asiye na umeme nyumbani.

Malipo hayo hayakuwa ya maneno matupu. Katika vijiji visivyo na umeme watu walichukua simu zao sokoni, wakampa mwenye betri ya gari au jenereta shilingi 20 hivi ili azichaji. Ndipo ilipoonekana thamani ya simu ndogo ambayo Wakenya waliipa jina la mzaha, mulika mwizi, kwa ajili ya kurunzi yake. Mfano wake mashuhuri, Nokia 1100, ulitoka mwaka wa 2003, na zaidi ya milioni 250 ziliuzwa ulimwenguni. Haikuwa na picha wala mapambo. Ilistahimili vumbi, ilimulika njia usiku, na betri yake ilidumu siku nyingi. Waliyoiunda walikuwa wamejiuliza maisha ya mnunuzi wake yalivyo, na jibu lao lilikuwa sahihi.

Katika simu kama hiyo vilikaa vyombo viwili vyepesi. Cha kwanza ni ujumbe mfupi wa maandishi, uliotumwa mara ya kwanza Uingereza tarehe 3 Desemba 1992. Urefu wake haupiti herufi 160, nao hupita katika njia ambayo simu na mnara huitumia kusemezana mambo ya kazi. Kwa hiyo gharama yake ya nguvu ni ndogo mno. Cha pili ni M-Pesa, iliyoanzishwa Kenya mwezi wa Machi 2007. Ilifanya kazi katika simu ya hali ya chini kabisa, kwa kuchagua maneno machache katika orodha fupi. Mama asiyewahi kuingia benki aliweza kupokea fedha kutoka kwa mwanawe aliye mjini, akazichukua taslimu katika duka la jirani. Wataalamu wengi walidhani kwamba maendeleo yangekuja kwa vyombo vikubwa zaidi. Kijiji kilionyesha kwamba yalikuja kwa vyombo rahisi zaidi. Kuanzia mwaka wa 2012 kampuni ya M-Kopa iliuza taa za jua zenye kuchaji simu, mnunuzi akilipa shilingi 40 kwa siku kwa njia ya M-Pesa. Basi simu ilisaidia kununua jua, na jua likailisha simu.

Wakati huo wataalamu wa nchi nyingi waliigeukia minara yenyewe, kwa maana zaidi ya nusu ya nguvu inayotumiwa na mtandao wa simu huliwa na minara. Mnara huwaka hata usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na mahali pasipo umeme jenereta yake huunguza dizeli saa zote. Mwaka wa 2010 lilianzishwa shirika la utafiti liitwalo GreenTouch, lililokusanya vyuo vikuu na makampuni. Lilipofunga kazi mwaka wa 2015 lilitangaza kwamba nguvu itumiwayo na mitandao yaweza kupunguzwa kwa sehemu 98 katika kila 100. Mojawapo ya njia ni kuufundisha mnara kusinzia kusipokuwa na kazi, na kuamka upesi uitwapo. Kenya nayo haikukaa kutazama. Mwaka wa 2013, karibu na Nanyuki, mradi wa Mawingu ulianza kupeleka intaneti kwa mitambo ya jua, ukitumia nafasi za masafa ya televisheni yasiyokuwa na kazi. Mawimbi hayo huvuka miti na miinuko vizuri kuliko mawimbi mafupi ya intaneti ya kawaida.

Mradi wa ajabu kuliko yote ulifika hata katika anga ya Wagusii. Kampuni ya Loon, mali ya Alphabet iliyo mama wa Google, iliwaza hivi: ikiwa kilima ni adui wa aliye nyuma yake, kwa nini mnara usiwekwe juu ya vilima vyote? Ikaunda maputo ya plastiki yenye ukubwa wa kiwanja cha tenisi, yakipaa kilomita 20 kutoka ardhini, juu ya mawingu ya mvua na njia za ndege. Mchana mitambo yake ililishwa na jua, na usiku na betri zilizojazwa na jua lile lile. Hayakuwa na injini ya kuyasukuma. Yalipanda na kushuka kutafuta upepo unaokwenda upande yatakao. Simu ya upepo sasa ilistahili jina lake.

Mwezi wa Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia Kenya, serikali iliipa Loon ruhusa. Tarehe 7 Julai kazi ilianza pamoja na Telkom Kenya, kwa maputo 35 hivi, juu ya eneo la kilomita za mraba karibu 50,000. Katika mahali palipotajwa ni Kisumu, Kericho, Bomet na Kisii, majirani wanaoizunguka Nyamira. Miezi sita baadaye, tarehe 21 Januari 2021, Alphabet ilitangaza kwamba Loon itafungwa, kwa kuwa njia ya kuifanya ijilipe yenyewe ilikuwa ndefu na yenye hatari kuliko ilivyotarajiwa. Maputo yakateremshwa.

Hapa lipo fundisho. Maputo yale hayakushindwa na upepo, wala jua, wala kilima. Elimu yake ilikuwa kweli, na watu walizungumza kwa njia yake. Lakini yalihitaji simu ya kizazi cha nne, na mtu aliye nje ya minara yote mara nyingi ni mtu asiyeweza kununua simu hiyo. Mtandao ulimfikia juu ya paa lake, usimfikie mkononi. Gharama ya nguvu ilikuwa imeondolewa. Gharama ya chombo ilibaki. Mulika mwizi ilikuwa kinyume chake: dhaifu kwa elimu, lakini ilianza na mfuko wa mnunuzi ndipo ikaja kwenye mtambo.

Wako wanaosema kwamba jambo hili litajimaliza lenyewe, maana bei za simu hushuka mwaka kwa mwaka. Kuna ukweli katika neno hilo, walakini si ukweli wote. Vyombo navyo huzidi kuwa wazito. Fomu za serikali, masomo na matibabu huhamia katika simu zenye picha, na betri za simu hizo mara nyingi hazimalizi siku mbili. Mama aliyejifunza orodha fupi ya M-Pesa aweza kujikuta tena nje ya mlango, si kwa uvivu wake, bali kwa kuwa mlango umehamishwa.

Ninyi wanafunzi mnaosoma fizikia na hesabu leo, huenda kazi hii ikawa yenu. Mtakapounda mtambo, au programu, au mnara, upimeni kwa maswali mawili. La kwanza: chombo hiki kinakula nguvu kiasi gani, na nani atailipia? La pili: aliye bondeni, mwenye simu ndogo na macho yaliyochoka, ataweza kukitumia pasipo kumwomba mtu msaada? Kutoka kilowati 25 za Poldhu mpaka mnong'ono wa simu ya kiganjani ilichukua karibu miaka mia, na kila hatua ilipigwa na mtu aliyekataa kuamini kwamba malipo yaliyopo hayapunguziki. Haba na haba hujaza kibaba. Nguvu iliyookolewa mnarani na hatua iliyopunguzwa katika orodha ya simu ni haba za namna hiyo. Katika vilima vya Nyamira bado mna watu wanaosikia kuliko wanavyosikika, na kibaba chao hakijajaa.