Kishikwambi Kinamtazama Nani?

Mtu akitaka kununua kishikwambi, swali la kwanza huwa bei, la pili inchi. Mimi huanza na lingine: nani atakishika, na akishakishika atafanya nini nacho? Ukifuata historia ya vifaa hivi utaona kwamba saizi haijawahi kuwa jambo la mafundi peke yao. Nyuma ya kila kipimo kuna mtu fulani aliyefikiriwa.

Mwaka 1972, Alan Kay, mtafiti wa Xerox PARC huko California, aliandika makala kuhusu kompyuta aliyoiita Dynabook. Ilikuwa ya karatasi tu. Aliitaka iwe na umbo la daftari, uzito usiozidi pauni 4, yaani chini ya kilo 2, na bei ya karibu dola 500. Vipimo hivyo vilitokana na mtumiaji aliyekuwa akilini mwake: mtoto. Kay alikuwa ameona kazi ya Seymour Papert, aliyewafundisha watoto kuandika programu, na hakutaka mtoto akae tu akikodolea mashine macho. Alitaka aiamrishe, aichoree, aitungie. Dynabook yenyewe haikuwahi kuingia sokoni.

Miaka karibu 30 baadaye, Microsoft ikamfikiria mtu wa ofisi. Mnamo 2001 Bill Gates alitabiri kwamba katika miaka mitano Tablet PC ingekuwa ndiyo aina ya kompyuta inayouzwa zaidi Marekani. Haikuwa. Vifaa vyenyewe vilibeba Windows ileile ya kompyuta ya mezani, ukaelekezwa uguse vitufe vidogo kwa kalamu maalum, na vingi vilipita kilo moja. Hebu jaribu kushika kilo moja ya unga kwa mkono mmoja dakika 20, halafu uniambie kama umesoma kurasa ngapi.

Kisha 2010 ikaja iPad: inchi 9.7, gramu 680, dola 499. Haikuwa na kamera wala haikuhitaji kalamu, ilihitaji kidole tu. Mwaka huohuo Samsung ikatoa Galaxy Tab ya inchi 7, na Steve Jobs akaicheka saizi hiyo hadharani. Alisema wanunuzi wangelazimika kupewa msasa wakwangue vidole vyao ili vitoshe kioo.

Kwa hesabu, alikuwa na hoja. Inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hivyo ukipunguza kidogo tu, nafasi inapungua sana. Kioo cha inchi 7 chenye umbo refu hakifiki hata nusu ya eneo la iPad ile. Lakini mkono nao una hesabu yake. Mwaka 2012 Google ikauza Nexus 7 kwa dola 199, ikiwa na uzito wa gramu 340, na kabla mwaka huo haujaisha Apple yenyewe ikatoa iPad mini ya inchi 7.9 na gramu 308. Jobs alikuwa ameshafariki mwaka mmoja kabla. Kampuni yake ikakubali kwamba kuna msomaji anayetaka kitu cha kushikwa kwa mkono mmoja, huku wa pili ukishikilia chuma cha matatu.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliahidi laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Mpango ulipoanza 2016, laptopu ilikuwa imegeuka kishikwambi. Wengi walicheka, ati ahadi imesinyaa. Mimi sioni aibu katika udogo wenyewe. Mwaka 2015 kampuni ya BRCK ya Nairobi ilitoa Kio Kit, sanduku gumu lenye vishikwambi 40 vinavyochajiwa humohumo. Walianza na darasa lilivyo: umeme wa kubahatisha, intaneti ya kubahatisha, vumbi la uhakika. Hiyo ni saizi iliyofikiriwa.

Kinachonisumbua mimi ni mahali pengine tulipokutana na kifaa hiki. Kwenye uchaguzi wa 2017, karani alishika kishikwambi cha KIEMS nasi tukaweka kidole. Kwenye sensa ya Agosti 2019, ya kwanza Kenya kufanywa bila karatasi, karani alibisha hodi na kishikwambi, akauliza, tukajibu, akabofya. Sisemi ni vibaya. Kuhesabiwa ni haki. Lakini angalia kioo kilielekea wapi. Mtoto wa Kay alipaswa kuitawala mashine. Sisi, wengi wetu, tulikaa upande wa mgongo wake.

Ndiyo maana nikiulizwa ushauri wa kununua, huo mgongo huwa akilini. Ukitaka kusoma riwaya njiani, inchi 7 au 8 zinatosha, mradi uzito usikuchoshe kiganja. Ukisoma sana juani, tafuta kioo cha wino wa kielektroniki kama cha Kindle; hakiwaki kama taa, na betri hukaa wiki kadhaa. Ukisomea PDF za chuo, jua kwamba kioo cha inchi 10 kinakaribia ukubwa wa karatasi ya A5, nusu ya A4, kwa hivyo utakuwa unakuza na kusogeza hadi kichwa kiume. Na ukitaka kuandika, acha kuhesabu inchi kwanza. Uliza kama kinakubali kibodi, na kama faili zako unaweza kuzitoa bila kuomba ruhusa. Apple ilipotoa iPad Pro ya inchi 12.9 mwaka 2015, ikiwa na kibodi na kalamu za kununuliwa kando, ilikuwa inakiri kwamba watu wamechoka kutazama tu.

Kalamu hiyo na kibodi hiyo, kwa wengi wetu, bado ni ghali kuliko kifaa chenyewe tunachoweza kununua. Kioo cha kutazamia kimeshuka bei. Vitu vya kutungia ndivyo vinavyouzwa kando. Mtu akikutajia bei ya kishikwambi, mwulize kwanza imejumlisha nini.