Kutoka Calabar hadi wodini: sindano inayoamsha utumbo

Mgonjwa aliyepasuliwa tumbo huulizwa kila asubuhi: umejamba? Hewa ikitoka, utumbo umeanza kusukuma. Isipotoka, tumbo hujaa na kubana. Sindano ya kuuamsha ina asili Afrika. Waefiki wa Calabar, Nigeria ya leo, walimlisha mtuhumiwa wa uchawi mbegu yenye sumu. Akiitapika na kupona, hana hatia. Mwaka 1855 daktari Robert Christison wa Edinburgh aliionja mwenyewe, akalegea mwili mzima. Kiini cha mbegu hiyo, fisostigmini, kilitengwa mwaka 1864, na mwaka 1931 Aeschlimann na Reinert wa kampuni ya Roche, Basel, wakaunda mwenzake: neostigmini. Dawa hiyo hukizuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini, kemikali ambayo neva huitumia kuuamuru utumbo ujikaze.

Nguvu yake haikuwa na shaka. Kilichokosekana, kwa maoni yangu, ni kujua nani hasa anaihitaji. Mwaka 1948 mpasuaji Mwingereza Heneage Ogilvie alieleza wagonjwa wawili ambao utumbo wao mpana ulionekana kuziba, kumbe ndani hakuna kizuizi. Hali hiyo huwapata pia waliotoka kupasuliwa. Jibu lilikuja Marekani mwaka 1999: kati ya wagonjwa 21 wa aina hiyo, 11 walichomwa miligramu 2 za neostigmini mshipani, 10 wakapewa maji ya chumvi. Waliopewa dawa, 10 walifunguka, wengi ndani ya dakika chache tu. Wa maji ya chumvi, hakuna hata mmoja. Utasema watu 21 ni wachache mno. Ni kweli, lakini 7 wa kundi la maji walipochomwa dawa baadaye, wote walifunguka. Tofauti kubwa namna hiyo haihitaji umati kuonekana.

Basi kwa nini asichomwe kila aliyepasuliwa? Kwa sababu dawa hiyohiyo hupunguza mapigo ya moyo: katika utafiti ule wawili walihitaji atropini ya kuyarudisha mapigo. Isitoshe, utumbo uliozibwa kweli ukilazimishwa kusukuma unaweza kutoboka. Na utumbo uliozubaa kwa kawaida baada ya upasuaji huwa na njia nyingine. Huko Copenhagen, mpasuaji Henrik Kehlet alipunguza morfini, dawa ya maumivu inayouzubaisha utumbo, akazuia maumivu kwa ganzi ya mgongoni, akawalisha wagonjwa mapema na kuwatoa kitandani; wengi waliokatwa utumbo mpana wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku ya pili au ya tatu.