Depo za kando ya mto Kisangani, na sisi wa Goma

Sisi tuliokomalia Katoyi, depo tunaijua kama nyumba ya mabati yenye unga, mafuta na sabuni, vingi vikiwa vimetoka Mombasa, vikapita Kampala mpaka hapa. Siku moja mwanafunzi akaniuliza: mbona hatuoni kitu kinatoka upande wa mto? Inchi si ni yetu? Swali lile njo lilinipeleka kwenye depo za zamani za Kisangani.

Depo zile hazikuwekwa pale kwa kupenda. Kutoka Kinshasa, meli inapanda mto Kongo zaidi ya kilomita 1,700, halafu inakuta maporomoko ya Wagenia. Haipiti. Kila kitu kinashushwa. Wabelgiji wakajenga reli ya kilomita 125 mpaka Ponthierville, ndiyo Ubundu ya leo. Ikamalizika mwaka 1906. Kule mzigo unarudi tena majini mpaka Kindu. Kushusha, kupanga ndani ya depo, kupakia upya: mashine ya kazi ile ilikuwa mabega ya watu. (Ukiona chukudu inapanda na magunia ya makala, jua ukoo wake ni wa mbali.)

Kwa hiyo depo ilizaliwa pale njia ilikatika. Lakini njia ikikatika kabisa, depo inabaki ukuta tu. Mwezi wa 8 mwaka 1998 vita ikaanza, na waasi wa RCD, wenye makao makuu hapa hapa Goma, wakashika Kisangani. Mto ukagawanyika: serikali upande wa chini, waasi upande wa juu. Meli za biashara za Kinshasa hazikufika tena mpaka 2003. Katikati ya miaka ile, mwezi wa 6 mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana siku 6 ndani ya mji.

Hapa njo pananiuma. Tumezoea kujihesabu wahanga, na ni kweli tu wahanga. Hakuna mtu alikuja Katoyi kutuuliza. Hata hivyo, mto ulifungwa kwa jina la mji wetu. Mzee wa Kisangani akisema "bale ba Goma", namuelewa.

Mwanzoni mwa 2024, vita ilipofunga barabara ya Sake na Minova, maharagwe na ndizi vikazidi kuingia kwa ziwa. Ukipita Kituku, angalia magunia yale chini ya shitingi, kando ya maji.